Tulikwenda Kusaidia, Tukapiga Picha

Nimechoka kuisimulia habari hii vipande vipande kila Ijumaa. Mmoja anataka sehemu ya bahari, mwingine anataka sehemu ya ugali, na Mama Njeri anataka tu kujua kama ni kweli nililia mbele ya askari wa bandarini. Ni kweli. Basi nimekaa hapa chumbani, mtaa wa Najma, nikaamua kuandika yote mara moja, mwanzo hadi mwisho, msome kwa nafasi yenu mniache nile chapati zangu kwa amani baada ya ibada. Mambo ya tiketi, viza na mihuri nayaruka. Aliyewahi kuomba kibali cha kutoka Qatar anayajua, na ambaye hajawahi sitaki kumharibia siku.

MESAIMEER

Mnaikumbuka Ijumaa ile baada ya kimbunga kuipiga Ufilipino. Pale kwenye makanisa ya Mesaimeer Wafilipino ni wengi kutushinda sisi wote tukijumlishwa, na siku zote huwa na kelele za furaha kutushinda pia. Siku hiyo walikuwa kimya. Watu wazima walikaa chini kwenye maegesho ya magari, simu mkononi, wakipiga namba ambazo haziiti.

Mmoja wao alikuwa Luz. Wengi wenu mnamjua kwa sura, yule nesi mfupi ninayekaa naye chumba kimoja. Mimi pia ni nesi, ila kliniki tofauti. Mama yake Luz alikuwa akiishi peke yake katika kijiji cha pwani, kwenye kisiwa kilichopigwa vibaya, na tangu upepo upite hakuna aliyemwona wala kumsikia. Luz aliomba ruhusa kazini aende kumtafuta. Bosi wake alimkaribisha kiti, akampa chai, akampa pole, kisha akamwambia kibali chake cha kutoka kitazungumzwa baada ya mwaka mpya. Luz alirudi nyumbani, akakunja nguo zote za kabatini, akazikunjua, akaanza kuzikunja tena.

Ndipo kamati yetu ikaamka. Mnaijua kamati yetu. Mkenya akifiwa hapa Doha, kabla hajamaliza kupangusa machozi tayari kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mzozo wa nani atashika kipaza sauti. Tukakubaliana sisi Waafrika Mashariki tuwachangie ndugu zetu Wafilipino. Hapo hakuna aliyekosea. Tulianza kukosea tulipofika kwenye swali la tuchange nini.

Mwenyekiti wetu, Bwana Kisilu, ni msimamizi wa walinzi, mtu mwema, sauti kubwa. Alisimama akasema mtu aliyepatwa na janga anahitaji chakula cha kukaa tumboni. "Mchele utawashikilia mpaka saa ngapi?" akauliza. Kikao kizima kikatikisa kichwa. Ikapitishwa kwamba kando ya mchele kidogo wa heshima, mzigo mkubwa uwe unga wa mahindi. Magunia kwa magunia. Wafilipino wenyewe walikuwa wamekaa hatua ishirini kutoka pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kuwauliza. Msinicheke mimi peke yangu, mikono yenu niliiona ikinyooshwa, na wangu ulikuwa juu pia.

Usafiri ulifadhiliwa na tajiri mmoja mwenye duka la mapazia. Alitoa kwa moyo, nisimsengenye, ila alikuwa na masharti mawili. Kwanza, tuvae fulana nyeupe alizotengeneza yeye, kifuani neno DOHA kwa herufi kubwa na chini yake picha ya dirisha lenye pazia la dhahabu. Pili, kila mfuko utakaotolewa upigiwe picha: anayetoa, anayepokea, na bango la duka nyuma yao, wote wakiitazama kamera. Picha ziwekwe kwenye ukurasa wa kamati mtandaoni kila siku. Mfuko usio na picha, kwake yeye, haukutolewa. Kwa hiyo tulikuwa tunawapelekea picha ya pazia watu ambao upepo umewachukulia madirisha.

Tulioteuliwa kwenda tulikuwa watatu: Mwenyekiti, Kato, kijana wa Uganda anayehudumu hotelini na mwenye kamera nzuri, na mimi, kwa kuwa ni nesi na likizo yangu ilikuwa imefika.

Kabla sijaondoka Luz alinipa picha ya mama yake. Ilipigwa siku Luz alipohitimu unesi: mama mnene, nywele nyeusi zimekunjwa kwa rola, gauni la buluu, mkoba umebanwa kwapani. "Wanamwita Nanay Coring," akaniambia. Nanay kwao ni mama. Mimi huniita Ate, yaani dada mkubwa. "Ate, kama amekufa niambie amekufa. Usinipangie maneno. Lakini usirudi bila kujua." Nikamwapia kwamba sitarudi bila kujua. Nawaomba mlishike hilo, maana safari yangu yote ilikuwa hiyo. Unga ulikuwa wa Mwenyekiti.

DOHA HADI MANILA

Mwenyekiti aliamuru tuvae fulana tangu uwanja wa ndege. Ndani ya ndege abiria karibu wote walikuwa Wafilipino wanaorudi makwao, wengine hawajui kama wana kwao. Hakuna aliyeomba sinema, hakuna aliyecheka. Katikati ya kimya hicho Kato alikuwa anampiga Mwenyekiti picha akiashiria mawingu kwa kidole.

Jirani yangu kitini alikuwa dada anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Al Thumama. Tajiri yake alimpa wiki mbili. Mkoba wake aliupakata njia nzima, nikadhani ni dhahabu, kumbe ni bawaba za mlango na roli tatu za nailoni ya kuezekea. Misumari walimnyang'anya wakaguzi. Akaniuliza sisi tumebeba nini.

"Unga wa mahindi," nikasema.

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kula."

Akafikiri. Akaniwekea mkono juu ya goti taratibu, namna mnavyomfariji mtu aliyefeli mtihani. "Asante kwa kutufikiria," akasema, akafumba macho. Hapo ndipo nilianza kuyahesabu magunia yetu kichwani, na tulikuwa bado hatujavuka hata Bahari ya Arabuni.

MANILA

Tulikwama Manila siku mbili, kwa sababu ndege za kwenda visiwani zilikuwa zimejaa watu kama sisi. Ukumbi wa uwanja wa ndege ulikuwa gwaride la fulana. Kuna wa kijani, kuna wa machungwa, kuna kikundi cha kofia za manjano kilichokuja na mpiga gitaa. Kila kikundi na bango lake, na kila bango linatafuta ukuta. Mwenyekiti aligombana na mzee mmoja wa kofia za manjano juu ya nguzo, watu wazima wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba. Wenye nyumba zilizobomoka walikuwa wamekaa sakafuni wakiwatazama.

Chakula nacho kilikuja na somo lake. Tuliagiza kuku, akaja na wali. Mwenyekiti akaagiza samaki, akaja na wali. Asubuhi akaagiza mayai, akijua mayai hayana shida, yakaletwa yameegemea kilima cha wali. Akaitazama sahani yake, akazitazama sahani za meza zote.

"Na asubuhi pia?" akamuuliza mhudumu.

"Asubuhi, mchana na jioni, bwana."

Mwenyekiti alichukua kijiko. Alikula polepole sana. Nilitaka kumwonea huruma lakini nilikuwa na hasira, maana Luz alikuwa anatuma ujumbe kila baada ya saa moja akiuliza tumefika wapi, na kila mara jibu langu lilikuwa Manila.

CEBU

Cebu ndiko mzigo ulikotangulia, na ndiko ulikokamatwa. Ofisa wa bandarini, mwanamke mkali wa miwani, alikuwa amechana gunia moja. Unga mweupe, laini, hauna jina kwa lugha anayoisoma, umetoka Ghuba kwa mikono ya Waafrika. Hebu jiwekeni mahali pake.

"Ni chakula," Mwenyekiti akamweleza.

"Chakula gani?"

Mwenyekiti akajaribu kuueleza ugali kwa Kiingereza. Akasema ni maji na unga. Akasema unakuwa mgumu. Akasema unakatwa. Kila alipoongeza neno uso wa yule mama ulizidi kukaza. Mwisho nikaona tutalala rumande, nikaomba sufuria.

Nilisonga ugali bandarini, mbele ya maofisa sita na mbwa mmoja wa kunusa, kwa mwiko uliokuwa kipande cha kasia. Nilifunika, nikageuza, nikapakua kwenye kifuniko cha ndoo. Wakaonja. Wakatazamana. Yule mama wa miwani akatoa sukari na maziwa ya kopo kwenye droo ya meza yake, akamwaga juu, akaonja tena, akasema, "Aa, ni keki." Akapiga muhuri. Mwenyekiti alitaka kumsahihisha, nikamkanyaga mguu. Hapo tulishapoteza siku nyingine.

SHULENI

Kutoka Cebu ni feri saa kadhaa, kisha barabara. Hapa sina mzaha. Minazi yote ililala upande mmoja. Meli ilikuwa katikati ya mtaa. Kulikuwa na harufu ambayo nesi anaijua na hana haja ya kuwaeleza wengine, na kando ya njia watu walikuwa wanaanika madaftari, picha za harusi, magodoro. Kato aliishusha kamera mapajani mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Tulipokewa kwenye shule iliyobaki na madarasa machache yenye paa. Watu mamia walikuwa wanalala humo. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu kijana aitwaye Rodel, ndiye mkalimani wetu, maana wazee wengi pale hawajui Kiingereza. Kuhusu unga, Rodel alikuwa mstaarabu. Alisema zamani watu maskini wa upande ule walikula mahindi yaliyosagwa, na bibi zao watakumbuka. Kweli, akina mama waliuchukua wakaupikia uji mtamu. Mwenyekiti akapumua kwa mara ya kwanza tangu Manila.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi niende kijijini kwa mama Luz."

"Kesho, dada. Leo mgawo. Tajiri anasubiri picha."

Tukafunga bango, tukapanga mifuko ya ule mchele. Foleni ilizunguka shule mara mbili, na haikusonga, kwa sababu ya picha. Kila mmoja asimame hapa, ashike mfuko hivi, mimi nishike upande wa pili, tuinue kidogo dirisha lionekane. "Wewe sister, macho hapa kwa kamera," Kato anasema. "Mzee, wewe pia, macho hapa." Mzee mmoja alikataa kuvua kofia. Mama mmoja alifumba macho kila taa ikiwaka, akapigwa mara tano. Bibi mmoja mkonde, amenyolewa kichwa na kufungwa kitambaa, amevaa shati la mwanamume, alinishika kifundo cha mkono akawa anaongea haraka haraka, kidole kwenye fulana yangu. Wengi walikuwa wanaigusa fulana, wanasema Doha, Doha, maana kila nyumba pale ina mtu Ghuba. Nilitabasamu. Nikasema ndiyo, Doha, nikamgeuza bega kidogo aelekee kamera. Kidonda chake chini ya kitambaa nilikiona, nikamwonyesha kwa mkono chumba nitakachotibia mchana. Rodel alikuwa upande wa pili wa meza. Sikumwita. Jua lilikuwa kali na nyuma ya bibi kulikuwa na watu mia tatu. Kato akasema sawa, nikasema anayefuata.

Mchana nilitibu mpaka nikaishiwa na bandeji, na kila mgonjwa nilimwonyesha picha ya mama Luz, hakuna aliyemjua. Kesho yake ikawa mgawo tena, picha tena. Mtandao haukuwepo, Kato alikwenda kwa lori hadi bandarini kila jioni kuzipandisha picha. Simu yangu ilikufa moto siku ya kwanza na hapakuwa na umeme.

KIJIJINI

Siku ya tatu nilimwambia Mwenyekiti kwamba mimi naenda, na akitaka mtu wa kushika mifuko avae sketi ashike mwenyewe. Rodel akanichukua kwa pikipiki.

Nyumba ya Nanay Coring ilikuwa sakafu. Saruji nyekundu iliyosuguliwa nta, safi kabisa, mvua imeiosha, na juu yake hakuna kitu. Nilisimama pale mlangoni, yaani mahali pa mlango, nikashindwa kuikanyaga. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa anatafuta mabati yake, alitazama ile picha ya mahafali akasema Coring alishikilia mnazi usiku kucha, jiwe au bati likampiga kichwani, asubuhi akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Mwanamke mwingine akasema hapana, alichukuliwa na ndege ya jeshi. Wa tatu alisema Coring aliyepanda ndege ni Coring mwingine, huyu wetu alisombwa.

Tulikwenda kwenye kituo cha afya, tukaenda kanisani, tukaenda hata kule walikokuwa wanaweka miili kando ya barabara. Nilifunua mifuko. Nilikuwa natafuta mama mnene mwenye nywele nyeusi za mawimbi. Sikumwona, na sikujua nishukuru au nini.

Tuliporudi shuleni Mwenyekiti alikuwa amekunja bango. Mifuko imekwisha, feri ni kesho asubuhi, ndege haingoji. Niliongea maneno ambayo mtu wa kanisa haongei, mengine kwa Kitaita ili yawe na uzito. Alinisikiliza. Akasema, "Dada Wakio, huyo mama hata ukikaa mwezi utamtafutia wapi?" Alfajiri nilifunga begi langu. Nikapanda lori pamoja nao, na njia nzima nilikuwa najaribu kutunga namna ya kumwambia Luz kwamba nimerudi bila kujua.

BANDARINI

Pale bandarini kulikuwa na jenereta na kamba ya nyaya ambapo watu wote wamechomeka simu. Tuligongwa mihuri ya kupandia feri, tukavuka geti, nikaichomeka yangu humo ndani, tukapanga foleni. Nikaikimbilia simu dakika ya mwisho, ikawaka mkononi mwangu.

Ujumbe kumi na tisa, wote wa Luz. Wa kwanza ulikuwa na picha kutoka ukurasa wetu. Mimi, fulana nyeupe, meno yote nje. Bango. Mfuko umeinuliwa vizuri, pazia linaonekana. Ndiyo ile picha iliyotundikwa pale Mesaimeer mkaniambia nimependeza. Chini yake Luz aliandika: "Ate, uliyemshika ni mama yangu."

Ujumbe wa pili: "Ate, amekonda. Nywele zake ziko wapi?"

Wa tatu: "Anakuambia nini?"

Wa nne: "Mbona humtazami?"

Nikaitazama ile picha. Watu wote ndani yake wanaitazama kamera, mpaka waliokuwa nyuma kwenye foleni. Yule bibi aliyefungwa kitambaa hatazami kamera. Ananitazama mimi, mdomo wazi, kidole kwenye neno DOHA. Alikuwa katikati ya kuuliza. Siku nne nilikuwa nimemtafuta kila mahali, mpaka kwenye mifuko ya maiti, na mimi ndiye niliyempa mchele kwa mkono wangu na kumwambia anayefuata.

Nilirudi getini. Askari akasema ukishagongwa mhuri hutoki, sheria ni ya njia moja. Nikamwambia kwa Kiingereza, akarudia sheria. Nikamwambia kwa Kiswahili. Kisha nikalia, Mama Njeri, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, watu wote wa foleni wakageuka. Mwenyekiti akaja mbio akidhani nimeibiwa. Nikampa simu. Alisoma ule ujumbe wa nne, akavua fulana yake pale pale akabaki na fulana ya ndani. "Nenda," akasema. "Mimi nitapambana na tajiri." Kisha akamgeukia askari na ile sauti yake ya kuamrisha walinzi, na geti likafunguliwa. Haya mengine yote niliyomsema Mwenyekiti yabaki, lakini na hilo liwekwe.

KURUDI SHULENI

Nilipata lori la mabati, nikakaa juu ya mabati. Nilifika alasiri, Rodel akanishangaa. Nilimwonyesha picha ya mtandaoni, na safari hii kila niliyemwonyesha aliitambua mara moja. Kumbe ile picha ya mahafali ilikuwa inatafuta mtu ambaye hayupo tena.

Alikuwa darasani, mlango wa pili kutoka chumba nilichotibia. Alikuwa hapo siku zote. Alilala chini kati ya madawati, mfuko wetu wa mchele umewekwa kichwani kama mto, haujafunguliwa. Alinijua kabla sijasema neno. Akageuzia uso ukutani.

Nikapiga magoti, nikamwambia Rodel amwambie kwamba nakaa na Luz, chumba kimoja, kitanda changu na chake vimeachana hatua moja. Rodel akasema. Nanay Coring hakugeuka. Aliongea na ukuta, polepole, na Rodel akawa anatafsiri huku hanitazami.

"Anasema alikuuliza. Aliona umetoka Doha. Alikutajia jina la binti yake, jina lote, la ubatizo na la ukoo, mara tatu. Anasema ulicheka, ukageuza uso. Akajua kuna jambo baya limempata binti yake huko, na wewe umeambiwa usimwambie. Ndiyo maana hakuja kutibiwa. Hakutaka kuyasikia."

Siku nne, mama alikuwa amelala pale anamlilia mtoto aliye hai, na mtoto yuko Najma anamlilia mama aliye hai, na katikati yao nimesimama mimi natabasamu. Nilimwomba msamaha. Sijui kama Rodel aliutafsiri wote. Nilikuwa na aibu, na mpaka leo ninayo, hata mkinipongeza.

Nikasafisha kidonda, kilikuwa kimeanza kuoza, nikakifunga kwa kitambaa nilichochana kutoka kwenye fulana. Kisha Rodel akasema juu ya kilima nyuma ya kanisa simu hushika. Tulipanda pikipiki watatu, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Alikuwa mwepesi mno. Kule juu kulikuwa na watu kama arobaini, kila mmoja ameinua simu yake, wengine wanaongea, wengine wananyamaza na kusikiliza.

Doha ilikuwa saa sita mchana, Luz yuko kazini, ambako simu ni marufuku. Alipokea kabla haijaita mara ya pili. Sikumsalimu. Nikasema, "Yuko hapa," nikampa mama simu.

Nanay Coring aliishika kwa mikono miwili. Tangu kimbunga kipite, nyumba yake ni sakafu, kichwa chake kina tundu, na uji wa unga wetu wenye sukari ndicho chakula cha moto alichopata. Akasema maneno mawili. Nikamtazama Rodel.

"Anamuuliza kama amekula," Rodel akasema.

Nilimsikia Luz analia kutoka pale niliposimama. Mama yake akangoja, akaitazama simu, akairudisha sikioni akauliza tena, sasa kwa ukali, kwa kuwa alikuwa ameuliza na hajajibiwa.